Kabati la Rangi ya Kwanza

Daktari aliuliza tuna vitu gani vya zamani nyumbani, nami nikacheka. Hapo ndipo nilipowaachia wiki iliyopita, na baadhi yenu mmeniandikia mkiniita mwendawazimu. Mama gani anacheka wakati mwanawe amelala na sindano mkononi?

Nilicheka kwa sababu ingekuwa rahisi kumtajia vipya. Jokofu na miswaki yetu, basi.

Kwa aliyenikosa tangu mwanzo: naitwa Vendela. Mume wangu Joar anaendesha lori la magogo, anaondoka Jumatatu alfajiri na kurudi Ijumaa. Tunaishi Småland, mkoa wa misitu na baridi kali, kwenye nyumba ya mbao ya ukoo wao. Kwa nje ni nyekundu kama za majirani wote. Kwa ndani ni kazi ya mikono yangu: jiko la manjano, milango ya samawati, karatasi za ukutani zenye maua makubwa ya rangi ya chungwa, mazulia ya matambara, taa za enzi za bibi zetu nilizookoteza kwenye magulio ya mitumba. Gazeti moja la mambo ya nyumba lilikuja kutupiga picha, tukatokea ukurasa wa mbele. Wiki tatu baadaye binti yetu Tuva, miaka miwili na miezi kumi, akaanza kulia tumbo na kukataa chakula. Damu yake ikakutwa na madini ya risasi.

Leo nina mambo ya kuungama. Hayapendezi, na sitayapamba.

"Taja tu yanayokujia," daktari alisema. Aliitwa Wikander, mtu mpole, mwenye soksi za rangi mbili tofauti. "Rangi, mabomba, vyombo, vitu vya kuchezea."

"Vyombo!" nikadaka. "Mama mkwe ana bakuli."

Joar akageuka. Mama yake, Mama Gullan, alikuwa amekaa karibu na dirisha na koti lake magotini.

"Bakuli gani?" Joar akauliza.

"Lile la udongo, la kahawia. La marehemu bibi yako. Kila Jumatano Mama anamlishia Tuva maziwa ya mgando humo, na matunda ya porini."

Daktari akaandika. "Vyombo vya namna hiyo vinaweza kuwa na risasi kwenye ule mng'ao wake, na kitu kichachu huitoa. Umefanya vizuri kukumbuka. Na rangi je? Kuna mtu amekwangua rangi ya zamani ndani ya nyumba?"



"Mke wangu anakwangua sana," Joar akanijibia, tena kwa fahari. "Ila anafanyia bandani, nje. Tulikubaliana kabla mtoto hajazaliwa. Au siyo?"

"Bandani," nikasema.

Mama Gullan aliinua uso akanitazama. Mimi nilitazama soksi za daktari.

Sasa nisikilizeni. Sisi tunaopenda vitu vya kale huku kwetu tuna ugonjwa wetu. Ukipata kabati la zamani, hulipaki rangi mpya. Unachukua kisu kidogo na kukwangua tabaka moja baada ya jingine: nyeupe ya juzi, kijivu ya kabla yake, kahawia ya kabla ya hapo, mpaka uifikie rangi ya kwanza kabisa aliyoipaka fundi. Kabati moja linaweza kukula miezi mitatu. Ukifika, wenzako wanakuja kulitazama na kuguna kana kwamba wamemwona bibi harusi. Anayelipaka upya tunamwona mshenzi.

Kabati la ukoo wa Joar lina mwaka 1811 mgongoni. Mama Gullan alilipaka nyeupe tupu alipokuwa msichana, na mimi nilimdharau kwa hilo. Chini ya nyeupe yake kulikuwa na kijani ambayo sijawahi kuiona popote, na maua mekundu pembeni.

Bandani? Ilikuwa Januari, nyuzi kumi na nane chini ya sifuri. Vidole vyangu viligoma siku ya kwanza. Kwa hiyo Joar alipokuwa akiondoka, nilikuwa naing'oa milango na droo za kabati na kuziingiza chumbani kwa Tuva, maana ndiko kwenye jiko la kuni linalopasha vizuri. Nilikwangua Jumatatu hadi Alhamisi. Kisha nilifagia, nikakung'uta mazulia, nikarudisha mbao bandani. Ijumaa Joar alikuta nyumba inanukia maandazi ya iliki. Kabati lilipokamilika, tulilisimamisha chumbani kwa Tuva.

Tuva alikaa sakafuni miguuni pangu. Maganda ya rangi yalipodondoka, aliyaokota na kuyataja moja moja: "Nyeupe. Nyekundu. Kijani!" Alijua rangi kumi na moja kabla ya kufika miaka miwili na nusu. Nilimrekodi kwenye simu na kuwatumia watu.

Jumatano moja Mama Gullan aliingia ghafla na bakuli lake.

"Vendela! Mtoto anafanya nini kwenye vumbi hilo?"

"Anajifunza rangi, Mama."

"Mtoe. Mtoe sasa hivi. Baba yangu alikuwa fundi wa kupaka rangi. Hana hata miaka hamsini, mkono ukamlegea hivi, hawezi kushika kijiko, mama anamlisha kama kitoto. Unadhani nilipoifunika hiyo kijani sikuwa na macho ya kuona uzuri?"

"Mama," nikamwambia, "nyumba hii ni yangu sasa."

Aliweka bakuli mezani akaondoka bila kunywa kahawa. Kwetu mtu akiondoka nyumbani kwako bila kunywa kahawa, ujue umemtukana sana. Niliona kero tu. Nikarudi kwenye kisu changu.

Kwa hiyo pale hospitali tulikuwa wawili tunaoujua ukweli. Mmoja alikuwa anadanganya, mwingine amenyamaza.

Tulipotoka, Joar alimgeukia mama yake mbele ya magari ya watu.

"Ulijua? Lile bakuli, ulijua?"

"Joar, mwanangu..."

"Nimekuuliza swali, Mama. Ulijua au hukujua?"

Mama Gullan alinitazama tena, akangoja. Alinipa nafasi, wallahi alinipa, muda wa kutosha gari mbili kutoka na nyingine kuingia. Nilijifanya natafuta funguo kwenye mkoba.

"Nitakupigia kesho," akamwambia mwanawe, akaenda kungoja basi.

Kesho yake asubuhi nilimfuata kwake. Alikuwa ametuachia sisi ile nyumba, akahamia kwenye fleti ya vyumba viwili mjini, kuta nyeupe, viti vya kijivu, hakuna hata picha. Nilizoea kumtania kwamba anaishi kliniki. Siku hiyo sikutania. Nilipiga magoti jikoni kwake.

"Inuka, unachafua soksi," akasema. "Utakunywa kahawa?"

"Mama, nitawaambia. Leo hii nitawaambia."

"Utawaambia nini? Kwamba ulimdanganya daktari juu ya ugonjwa wa mwanao, mbele ya mumeo? Unajua wale wa ustawi wa jamii watafanya nini? Mama anayemdanganya daktari hawamwachii mtoto. Watampeleka kwa watu baki, na mtoto mwenyewe ameshaanza kusahau kusema."

Hilo sikuwa nimelisema mbele ya mtu. Nilidhani ni mimi peke yangu niliyeliona. Zile rangi kumi na moja zilikuwa zimebaki nne.

"Mimi ni bibi," akaendelea. "Nimeshalea. Wakininyima mjukuu nitaumia, lakini sitakufa. Acha liwe bakuli."

"Mama, siwezi kukubali hilo."

"Unaweza. Umelianzisha mwenyewe jana, kwa nini leo lisiwezekane?"

Akanishika bega.

"Ila kuna kitu utanifanyia. Ukitoka hapa, toa kabati humo ndani. Mazulia yote yatoke, usiyafue, yatoke. Sakafu uioshe kwa maji, usipitishe ufagio tena. Nyufa za mbao, dirisha, kila kitu. Mara saba, mara kumi. Niapie."

"Naapa."

"Kwa jina la mtoto."

"Kwa jina la Tuva."

Akavuta simu mbele yangu, akampigia Joar. "Ni bakuli langu, mwanangu. Niliwahi kuambiwa halifai, nikapuuza. Nisamehe." Nilisikia sauti ya mume wangu ikitoka kwenye simu: asikanyage kwetu tena, asimguse Tuva, asijiite bibi wa mtu. Mama Gullan alisikiliza hadi mwisho. Kisha akanimiminia kahawa, nami nikainywa.

Mtasema angalau kiapo nilikitimiza. Ngojeni.

Tuva alikaa hospitali wiki mbili akipewa dawa. Nilirudi nyumbani na ndoo. Niliosha sakafu mara mbili, na nilipoimaliza ya pili ilikuwa inang'aa, nikaona inatosha. Mazulia nilianza kuyakunja. Yalikuwa ya miaka mia moja, kila mstari rangi yake, na bila hayo chumba kilionekana kama ghala. Niliyafua kwenye beseni la kuogea, nikayaanika, nikayatandika tena. Nikajiambia sabuni inaondoa kila kitu.

Na kabati? Siku ileile ya ndoo, simu ililia.

"Vendela mpenzi!" Alikuwa yule mhariri wa gazeti. "Wasomaji wamepagawa na nyumba yako. Tunataka kukutoa tena, toleo la Krismasi. Tunakuja kupiga picha Agosti. Lile kabati la kijani lipo, siyo? Tunalitaka chumbani kwa mtoto, na nyota dirishani."

"Lipo," nikasema.

Mwezi wa sita kipimo cha Tuva kilishuka kidogo. Joar alilia kwa furaha mbele ya daktari. Nami nililia, nikaamini Mungu ameamua kuyamaliza mambo kimyakimya.

Julai Tuva alitimiza miaka mitatu. Mama Gullan alisimama nje ya geti na keki ya krimu na stroberi, ameishika kwa mikono miwili, jua kali, krimu inateleza pembeni. Joar alikuwa ameupa mlango mgongo, hafungui wala hatazami nje.

"Mwambie aondoke," akaniambia.

"Mwambie wewe, ni mama yako."

"Nikifungua mdomo nitamtukana."

Tuva alikuwa amepanda kwenye kiti dirishani, anapiga kioo kwa viganja. "Bibi! Bibi! Bibi!" Kufikia siku ile alikuwa na maneno matano hivi, na hilo lilikuwa mojawapo. Nilitoka hadi getini.

"Amekonda," Mama Gullan akasema. "Umeosha?"

"Nimeosha."

"Mara ngapi?"

"Mara nyingi, Mama."

"Na kabati?"

"Lilishatoka zamani."

Alinikabidhi keki. "Basi Mungu akubariki," akasema, na aliimaanisha kweli. Tuliila, sisi watatu, kwenye sahani zenye maua, na Joar akasifia bila kuuliza zaidi, kwa sababu niliipitisha mlango wa nyuma na kumwambia nimeinunua.

Agosti wakaja wale wa gazeti. Krismasi ya magazetini hufanywa wakati wa joto, kwa hiyo nilitundika nyota za karatasi madirishani, nikawasha mishumaa saa tano asubuhi, nikavaa sweta la sufu na jasho likinitiririka mgongoni. Siku moja kabla yao nilikuwa nimekagua kila kona, nikaona kiraka cha nyeupe ukubwa wa kiganja, upande wa ndani wa mlango wa kabati, mahali ambapo sikumalizia. Joar yuko njiani na magogo. Tuva amelala kitandani kwake, hatua mbili kutoka hapo.

Nilikichukua kisu nikakwangua.

Nimeandika sentensi hiyo mara nyingi na kuifuta. Leo naiacha. Nilikuwa najua. Hakuna mtu wa kumsingizia tena, sikuwa mjinga wala sikupitiwa. Nilitaka picha itoke vizuri.

Wiki mbili baada ya picha, Ijumaa, Daktari Wikander alipiga simu. Joar aliweka sauti ya nje ili nisikie.

"Risasi imepanda," daktari akasema. "Imepita ya Mei."

"Haiwezekani," Joar akasema. "Bakuli limeondoka tangu Mei!"

"Ndiyo maana nawapigia. Majibu ya bakuli yamerudi, maabara walichelewa. Bakuli halina tatizo lolote. Nimempigia na mama yako kumwambia."

"Lakini alikiri mwenyewe!"

"Sijui kwa nini alikiri, bwana. Najua kwamba mtoto bado anapata risasi kutoka mahali fulani, na kila wiki inayopita inamgharimu. Haya maneno aliyopoteza, siwezi kuwaahidi kwamba yatarudi. Kuna mtu wa ustawi wa jamii yuko njiani kuja kwenu."

Joar aliketi mezani, akashika kichwa. Nilimwona akifikiri. Joar ni mtu mwaminifu, na mtu mwaminifu akifikiri vibaya anafikiri vibaya hadi mwisho.

"Si bakuli," akasema polepole. "Kwa hiyo kuna kitu kingine anampa. Anakuja nikiwa safarini, Vendela. Ana ufunguo. Alikiri bakuli ili tusitafute zaidi."

"Joar, huyo ni mama yako."

"Basi nieleze wewe! Mtu anakiri kosa la uongo kwa sababu gani?"

Ningeweza kumjibu kwa maneno manne. Kengele ya mlango ikalia.

Mwanamke wa ustawi wa jamii aliitwa Pernilla. Alivua viatu mlangoni, akaingia jikoni, akasimama na mkono kifuani.

"Nisameheni, najua si wakati wake," akasema. "Lakini hii nyumba nimeiona gazetini! Hii manjano! Hizi taa! Mimi na dada yangu tulikata ile picha tukaibandika ukutani."

"Asante," nikasema. Mungu anisamehe, nilifurahi. Kwa sekunde moja, mtoto wangu akiwa hivyo, nilifurahi.

Aliketi, akatoa karatasi. Hakuomba kuona chumba cha mtoto. Hakupangusa kidole juu ya dirisha. Nyumba ilikuwa nzuri mno, haikumjia akilini kuishuku.

Joar alimweleza yote: bakuli, kukiri, ufunguo. Aliongea kama anang'olewa jino. Pernilla aliandika, kisha akasukuma karatasi upande wangu, na kalamu juu yake.

"Haya ni maelezo mazito, yataenda polisi," akasema. "Mumeo huwa hayupo, kwa hiyo shahidi ni wewe. Nakuuliza wazi. Umewahi kumwona mama mkwe wako akimpa mtoto kitu, baada ya kukatazwa?"

Niliwaza Tuva akibebwa na watu nisiowajua, akiwekwa kwenye gari, bila maneno ya kuniita. Hofu ile ikafukuza kila kitu kingine, hata aibu.

"Ndiyo," nikasema. "Nilimwona."

Joar akatoa sauti ambayo sijaisikia kwa binadamu.

Nikashika kalamu. Ndipo nikaona Pernilla anatazama nyuma yangu, kwenye mlango unaotoka vyumbani.

Mama Gullan alikuwa amesimama pale, miguuni ana soksi tu. Alikuwa ameingia kwa mlango wa nyuma, na hakuna aliyesikia hatua zake. Alitokea chumbani kwa mtoto. Alikuwa amembeba Tuva begani, amelala, na amemfunika kwa koti lake mwenyewe badala ya blanketi letu. Kwa hiyo ameshaliona kabati. Ameyaona mazulia.

Joar alisimama kiti kikaanguka. "Mweke chini! Mweke chini mtoto wangu!"

"Chini simweki," Mama Gullan akasema. Hakupandisha sauti. Wala hakumtazama mwanawe, alinitazama mimi. "Vendela. Hilo jibu ulilompa huyu dada nimelisikia. Sasa lirudie, mwanangu, safari hii unitazame usoni. Ukilirudia, nakwenda polisi mwenyewe na sitasema neno. Lakini mtoto natoka naye sasa hivi, halali tena kwenye nyumba hii."

"Anasema nini?" Joar akaniuliza. "Vendela, mama anasema nini?"

Pernilla alikuwa ameacha kuandika. Nikageuka kwenye kiti, nikamtazama mama mkwe wangu usoni, nikafungua mdomo. Nilichosema mtakisoma wiki ijayo.